Kabla ya kulipia hoteli ya kuzamia Karibea

Msomaji wetu mmoja wa Brooklyn Park ametuandikia. Likizo ya shule ya Machi wanataka kwenda Karibea watu watano: yeye, mumewe, binti wa miaka 15, kijana wa miaka 12, na mpwa wao anayesoma chuo hapa Minneapolis kwa viza ya mwanafunzi. Wote watazamia kwa mitungi ya hewa isipokuwa yeye, maana haogelei. Ametaja hoteli mbili za Cozumel, Mexico, na moja ya Bonaire, akauliza ipi inastahili pesa zao. Mwishoni, kama jambo dogo tu, ameongeza kwamba mumewe hataki kwenda darasani kwa sababu amekulia Pemba na amezamia pweza tangu utotoni.

Dada, nitaanza na hilo la mwisho. (Na mnaocheka huko, nasema kuzamia chini ya maji, si kuzamia meli. Hiyo ni safu ya siku nyingine.)

Sina shaka shemeji anaijua bahari kuliko walimu wengi wa Minnesota. Lakini anayezamia kwa pumzi moja ameuzoesha mwili wake kubana pumzi mpaka arudi juu, na kwa mtungi tabia hiyo hiyo ndiyo inayoua. Hewa ya mtungi inaingia mapafuni ikiwa na presha ya kina ulichopo. Kwenye mita 10, presha ni mara mbili ya ile ya juu ya maji. Ukipanda kutoka hapo huku umebana pumzi, hewa iliyojaa kifuani inatanuka mpaka inataka nafasi mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Yanachanika. Ndiyo maana kanuni ya kwanza darasani ni kupumua wakati wote bila kukatisha, na pweza wa Pemba hakuwahi kumdai shemeji somo hilo.

Kama bado anabisha, mwambie na hili. Kwa kanuni za PADI, mtoto wa miaka 12 anaweza kupata cheti, lakini baada ya hapo hazamii ila akiwa na mtu mzima mwenye cheti. Baba asiposoma, mwanawe atashuka chini akiwa ameongozana na mgeni. Nadhani hilo litamtoa kwenye kochi.

Darasa lipo hapa hapa. Somo la nadharia na mazoezi ya bwawani hufanyika hata theluji ikiwa imefika magotini. Kinachobaki ni mizamio minne ya maji ya wazi, ambayo watu wa huku wengi huifanya kiangazi pale Square Lake karibu na Stillwater, au kwenye mashimo ya zamani ya machimbo ya chuma kule Crosby. Kwa safari ya Machi, ziwa litakuwa barafu. Basi malizeni nadharia na bwawa hapa, chukueni barua ya mkufunzi, mkamalizie ile minne kwenye maji ya joto. Swali la kwanza kwa hoteli liwe hilo: mnapokea wanafunzi wenye barua, na mkufunzi mmoja anachukua wangapi?

Ukipiga simu, omba kuongea na mtu wa mitungi, si mtu wa vyumba. Muulize kiongozi mmoja anashuka na wazamiaji wangapi, kama kila boti ina oksijeni, na chumba cha presha cha kutibu wazamiaji kiko umbali gani. Kisha mwambie wazi kwamba ninyi ni wapya kabisa. Akijibu kwamba hakuna shida, wanachukua kila mtu, mimi ningekata simu. Hoteli nzuri inakuuliza zaidi ya unavyoiuliza. Itakutumia fomu ya afya, na mwenye pumu, selimundu, kisukari au ugonjwa wa moyo anahitaji daktari amkague na kusaini. Saini hiyo itafuteni kabla ya kuondoka. Kuna familia nyingi zimegundua hilo zikiwa zimeshavaa nguo za kuogelea, mtu mmoja akabaki kukaa ufukweni wiki nzima.

Sasa visiwa. Cozumel ina sifa zake za haki: maji meupe, kuta ndefu za matumbawe, na mkondo unaokubeba huku boti ikikufuata kwa juu. Majira ya baridi kuna ndege za moja kwa moja kutoka MSP hadi Cancun, halafu basi na feri. Lakini mkondo ndio unaonitia wasiwasi. Mtu mwenye mizamio minne bado anahangaika na mask yake, na mkondo haumsubiri. Bonaire kwa kawaida mtabadilisha ndege, Atlanta kwa mfano, ila upande wake wa magharibi maji yametulia na matumbawe yako karibu na ufuko. Mnaingia kwa miguu, mahali pamewekewa jiwe la rangi ya njano kando ya barabara. Bahari yake imehifadhiwa tangu 1979, na kila mzamiaji anayefika, hata bingwa, lazima afanye mzamio wa majaribio kwanza. Wewe dada utakaa ufukweni ukiangalia mapovu yao badala ya kutapika kwenye boti. Angalizo moja: uhuru huo maana yake hakuna anayewaangalia, kwa hiyo siku za mwanzo lipieni kiongozi.

(Wanaopanga kutumia likizo ya MEA ya Oktoba wakumbuke kwamba ni msimu wa vimbunga vya Atlantiki, unaoanza Juni hadi mwisho wa Novemba. Bonaire iko kusini na haipigwi sana. Visiwa vingi vingine hupigwa.)

Halafu karatasi. Mexico humruhusu mwenye Green Card au viza hai ya Marekani kuingia bila viza yake; kwa Bonaire ulizeni kwa kila pasipoti mliyo nayo. Kurudi ndiko kugumu. Mpwa anahitaji I-20 yenye saini ya kusafiri, na viza yake huenda imeisha ingawa masomo yanaendelea. Kanuni zimebadilika sana siku hizi, hivyo aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake kabla hamjanunua tiketi hata moja. Ikionekana ni hatari, nendeni St. Croix, ambako ni ardhi ya Marekani. Gati la Frederiksted ni pole kwa wanaoanza, na Cane Bay ina ukuta usio mbali na ufuko. Hata huko, uwanja wa ndege maofisa hukagua watu wakati wa kurudi, kwa hiyo bebeni hati halisi, na mwenye maombi ya uhamiaji yasiyokamilika aongee na wakili wake kwanza.

Kwa hiyo jibu langu: Bonaire karatasi zikiwa sawa, St. Croix zikiwa na mashaka, Cozumel mwaka mwingine mkishakuwa na mizamio ishirini.

Bima ya Medical Assistance haiwafuati nje ya nchi. Nunueni ya wazamiaji. DAN ni shirika la kazi hiyo tangu 1980. Na baada ya siku kadhaa za kuzamia, subirini angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Ndege ikiwa Jumamosi asubuhi, Ijumaa ni ya kununua zawadi.

Mkisharudi, mtu akihisi maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu katika siku ya kwanza au ya pili, asiseme ni uchovu wa safari. Hospitali ya Hennepin Healthcare, ile tunayoiita bado HCMC, ina chumba cha presha katikati ya Minneapolis. Neno la kwanza mapokezi liwe kwamba amezamia kwa mtungi, na lini.