Safu, Wala Si Daraja: Jina la Kumbukumbu ya Tarakilishi

Imekuwa ada, kila mjadala wa istilahi za sayansi unapozuka vyuoni, kuuliza iwapo Kiswahili kinaweza. Swali hilo limekwisha kuchakaa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na tangu hapo mwenye kutilia shaka amekuwa na kazi ya kueleza shaka yake. Linalostahili kuulizwa ni jambo dogo zaidi na gumu zaidi: istilahi ikikosewa, ni nani hulipa? Jibu mojawapo lapatikana Kitui na Makueni, katika kibao cha kumbukumbu kinachotoshea kiganjani.

Tarakilishi zilizokwisha kutumika ng'ambo zimekuwa zikiingia katika shule za Kenya kwa muda mrefu. Shirika la Computer for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, ni miongoni mwa walizozikarabati na kuzisambaza. Mashine ya namna hiyo haitupwi. Huongezewa ramu, ikaishi. Fundi wa Mwingi au wa Wote ambaye hana kifaa dukani huagiza Nairobi, zaidi ya kilomita 100, na kifurushi huletwa kwa matatu. Kikifika kibao kisichofaa, nauli imekwenda, siku imekwenda, na pengine muuzaji hakubali kurudishiwa.

Na kibao kisichofaa huweza kufanana na kifaacho kwa kila hali aijuayo mnunuzi. Zichukuliwe mashine za mezani zenye chipseti ya Intel G41 zinazotumia DDR3. Kibao cha GB 4 chenye chipu 16 za gigabiti 2 huzikubali. Kibao kingine cha GB 4, cha DDR3 vilevile, lakini chenye chipu 8 za gigabiti 4, mashine hizo hukikataa au hukisoma nusu, kwa kuwa hazikuundwa kuzitambua chipu kubwa kiasi hicho. Ujazo ni ule ule, kizazi ni kile kile. Tofauti imeandikwa kwenye lebo: cha kwanza kina maandishi 2Rx8, cha pili 1Rx8.

Maandishi hayo si fumbo. Kichakataji husoma kumbukumbu ya DDR3 na DDR4 kwa mafungu ya biti 64. Chipu ya x8 hutoa biti 8, hivyo chipu 8 zikiitikia kwa pamoja hulitimiza fungu moja. Kikosi hicho cha chipu ndicho Waingereza wakiitacho rank, na ndiyo maana ya herufi R. Kibao cha 2Rx8 kina vikosi viwili vinavyopokezana njia moja ya data. Cha 1Rx16 kina chipu 4 tu, nacho ni kikosi kimoja kamili.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mfasiri aliyeegemea kamusi atasema daraja, au cheo. Basi 2Rx8 itakuwa kumbukumbu ya daraja la pili, na Mkenya yeyote aliyesafiri kwa gari la moshi au kufanya mtihani atafahamu kwamba ameuziwa kitu hafifu. Atakiacha kibao ambacho mashine yake ilikihitaji! Tafsiri sahihi kwa kamusi imekuwa uongo dukani.

Wapo wanaosema pande mbili, kwa kuwa kibao chenye chipu pande zote mara nyingi huwa 2R. Jina hili lina hatari kubwa zaidi kuliko daraja, maana linafundisha kanuni: geuza kibao, tazama nyuma. Kanuni hiyo huanguka kwenye vipakatalishi. Vibao vyake ni vifupi, hivyo chipu 8 za kikosi kimoja aghalabu hupangwa nne mbele na nne nyuma. Jicho laona pande mbili, lebo yasema 1Rx8. Vibao vya seva vya 1Rx4 navyo hujaa chipu pande zote ilhali kikosi ni kimoja.

Neno linalofaa ni safu. Msikiti wowote unalifafanua: walio katika safu moja huinama pamoja, na watu wanane waliosimama ovyo hawawi safu. Atakayepinga atasema kwamba safu tayari inatumika katika majedwali. Kweli, lakini huko husemwa safu wima na safu mlalo, na fundi mwenye bisibisi mkononi hatadhani anaulizwa habari za jedwali. Pingamizi lenye uzito ni kwamba safu za kibao hazionekani kwa macho daima, kama ilivyoelezwa. Hiyo ni sababu ya kulieleza neno darasani, si ya kulikataa.

Kwa hiyo istilahi hii isiachwe ingoje kamati. Wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kwa Vonza, wanaweza kuandika ukurasa mmoja na kuubandika katika maduka ya Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi. Ukurasa huo useme kwamba lebo husomwa kwanza, tarakimu iliyotangulia R ikiwa ndiyo idadi ya safu. Useme pia kwamba lebo iliyobanduka, jambo la kawaida kwa mitumba, haimalizi habari: kila kibao kina chipu ndogo iliyohifadhi wasifu wake, na programu ya CPU-Z huusoma katika sehemu ya SPD, kwenye Linux amri ya dmidecode mara nyingi huonyesha idadi hiyo pia. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, liwepo swali la kumuuliza muuzaji wa Nairobi kwa simu kabla kifurushi hakijapakiwa kwenye matatu: safu moja au mbili, na lebo yake inasemaje?