Usiogope Kongamano, Ogopa Kufuata Bila Kuuliza

Wasee wa Ukunda, Diani mpaka Msambweni, leo naongea bila kupindisha. Kila nikiposti kuhusu makongamano ya misheni, komenti ni zilezile. "Nauli utatuma wewe?" "Si huko watu huenda kutafuta wachumba?" Na ile nzito: "Mamangu amekataa, ananiambia kumbuka Shakahola."

Tuanze na hiyo nzito. Shakahola iko Kilifi, hapa hapa Pwani. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 imefukuliwa kule msituni. Mzazi akiogopa, ana haki. Lakini angalia vile watu walipotezwa: sauti moja, mafundisho ya kupinga shule na hospitali, na hakuna wa kuulizwa swali. Sasa wewe ukijifungia nyumbani umepona? Bado una mhubiri wako mmoja, yule wa klipu za dakika moja kwenye simu. Naye pia humuulizi kitu.

Kongamano la maana ni kinyume cha hayo. FOCUS Kenya, muungano wa CU za vyuo, wamekuwa wakiandaa Commission tangu miaka ya 1980. Marekani wana Urbana, iliyoanzia Toronto, Kanada, mwaka 1946. Kule wasemaji ni wengi, madhehebu ni tofauti, na unakaa na vijana wasiofikiria kama wewe. Kabla hujalipa popote, uliza: nani anaandaa? Ratiba iko wapi? Mzazi anaweza kunipigia simu saa yoyote? Wakikasirishwa na maswali hayo, usiende. Wakijibu vizuri, mwonyeshe mamako majibu.

Nauli? Tangu Januari 2024, SGR ya kawaida kutoka Mombasa hadi Nairobi ni 1,500. Wikendi moja ya Diani, ukihesabu boda, chipsi na kiingilio, inameza hiyo pesa na hulalamiki. Na mchumba ukimpata huko, hongera, tualike.

Lakini sababu yangu kubwa ni Kwale yenyewe. Wakristo hapa tu wachache, majirani zetu wengi ni Waislamu. Wengi wetu tunajua njia mbili tu: kunyamaza kabisa ama kubishana. Misheni si ubishi jamani. Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huo huo akazika mke na mtoto. Hakukimbia. Alikaa chini akajifunza lugha za watu, baadaye yeye na Rebmann wakaishi Rabai. Wewe umekulia Msambweni na Kidigo bado kinakupiga chenga! Agano Jipya la Kidigo lipo tangu 2007, umewahi hata kulifungua?

Hayo ndiyo unafaa kwenda kujifunza: kusikiliza, kumheshimu jirani, kusema imani yako bila kumtusi mtu. Ukirudi na picha na tisheti peke yake, umetalii tu.

Na nyinyi wazee wa kanisa, kwa harusi tunachanga mpaka tunachoka. Mwaka huu changieni vijana wawili nauli. Wakirudi, wapeni maiki Jumapili, na sisi tuwaulize maswali.