Nzi wa Mlimani Hana Makosa, Sisi Ndio Tumemjengea Wodi ya Uzazi

Wasee, juzi nilikata pera mbele ya kamera nikitaka kuwaonyesha vile mapera ya Ruring'u yanashinda ya supamaketi. Kwa nje lilikuwa safi, la manjano, linanukia hadi mlangoni. Kwa ndani, noma. Funza weupe wanajinyonganyonga kila kona. Nilifuta hiyo video, lakini swali lilibaki: waliingiaje na ganda halina shimo?

Shimo lipo, ila ni dogo kama tundu la sindano. Mama nzi wa matunda ana mrija mkali nyuma ya tumbo. Anatoboa ngozi ya tunda, anaweka mayai chini yake, anaenda zake. Siku chache baadaye mayai yanaanguliwa na funza wanaanza kula wakiwa ndani ya nyumba yao. Tunda likianguka, funza wanatoka, wanajichimbia kwenye udongo sentimita chache, na huko wanageuka kuwa nzi. Wiki mbili tatu hivi, na kwa hii baridi yetu ya Julai hata zaidi, wanatoka wakitafuta pera lingine.

Hapa Nyeri tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na watu hudhani baridi inatulinda na wadudu. Si kweli. Kuna nzi wa matunda ambaye anapenda baridi kabisa. Kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu pamoja na ndugu yake wa nyanda za chini wanaofanana sana, mpaka mwaka 2016 wakawatenganisha. Huyu wa milimani akapewa jina Ceratitis quilicii, kwa heshima ya mtafiti Serge Quilici aliyefanya kazi kisiwa cha Réunion. Huyo ndiye jirani yetu. Kuna na binamu yake, Ceratitis capitata, ambaye anapenda hata buni nyekundu za kahawa. Mwenye kahawa hana presha sana, kwa sababu funza anakula nyama ya nje na mbegu inabaki. Lakini nzi akitoka kwenye kahawa iliyoachwa bila kuvunwa, anaenda wapi? Kwa mpera wa shosho yangu.

Sasa nieleze kwa nini hii story inaniuma.

Shosho ananiita bwanake, kwa sababu nimebeba jina la guka. Mpera ulio karibu na geti ni guka aliupanda. Nikiwa praimari, shosho alikuwa anaweka beseni ya mapera nje, watoto wakitoka shule wananunua. Vitabu vyangu vingi vilitoka kwa hiyo beseni. Mwaka jana mtoto mmoja aliuma pera, akaangalia, akalitema mbele yake. Shosho alicheka, akamrudishia pesa. Hajawahi kutoa beseni nje tena. Mwezi uliopita akaniambia, "Bwanangu, tafuta mtu wa pawa. Huu mti tuukate."

Hapo ndipo nilianza kusoma kuhusu nzi, na maoni yangu ni haya: tunamlaumu mdudu asiye na makosa.

Cheki vile huyu mama anachagua. Hatagi popote. Anatafuta kwa macho na kwa harufu, anatua, anazunguka tunda, analijaribu. Akishataga, nzi wengi wa ukoo huu huburuta ule mrija juu ya ganda na kuacha alama ya kemikali, kama kusema, "Hapa kuna mtu, tafuta kwingine." Watafiti wa icipe, pale Kasarani Nairobi, walionyesha mwaka 2017 kwamba kwa nzi mmoja wa embe wa ukoo huohuo, alama hiyo ni glutathioni, kitu ambacho kiko hata mwilini mwako. Yaani nzi anaheshimu chumba kilicho na mpangaji. Sisi huku mtaani tunatupiana takataka juu ya ukuta.

Na anachagua wapi? Anapopata matunda yaliyoiva na hakuna anayeyachuma. Ukitembea Ruring'u utaona. Mashamba ya wazee yamegawanywa, ploti za kupangisha zimesimama, na katikati yake kuna miti iliyobaki bila mwenyewe. Ploti iliyo karibu na yetu ina mipera mitatu. Mwenyewe anaishi mbali. Wapangaji wanasema si yao. Mapera yanaiva, yanaanguka, yanaoza, na nzi wanazaliana kwa amani. Hiyo ndiyo wodi ya uzazi. Sisi tumeijenga, na hatulipishi hata kodi.

Najua utaniambia, "Si mnyunyize dawa?" Yai liko chini ya ngozi ya tunda, funza yuko katikati, pupa yuko chini ya udongo. Dawa unayopiga juu ya ganda inamkuta nani? Inawakuta hata nyigu wadogo ambao kazi yao ni kutaga ndani ya mayai na funza wa nzi na kuwamaliza. Unaua askari, mwizi yuko ndani ya nyumba.

Wengine watasema haya ni mambo ya vijijini, sisi ni watu wa tauni. Buda, sikiza. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka embe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko halikufunguka mpaka 2021. China ilipoanza kukubali avokado zetu, ilitaka zilizomenywa na kugandishwa kwa sababu ya mdudu huyohuyo. Freshi ziliruhusiwa 2022. Mayai usiyoyaona kwa macho yamefungia watu soko miaka saba. Kama mathe wako ana avokado Othaya au Tetu, fee yako ya kampasi iko kwenye hii story.

Sasa, tufanye nini? Dawa ya kwanza haina gharama: okota. Kila tunda lililoanguka, na lile lililooza likiwa juu, liokote kabla funza hajatoka. Usilitupe kwa shimo la takataka, kwa sababu hapo umemhamisha tu. Liweke kwenye gunia la nailoni, ulifunge, uliache juani wiki mbili. Au uchimbe shimo la nusu mita, uzike. Kuku nao waachie chini ya mti, wachakure pupa.

Nilijaribu na maboyz wawili. Tulijaza magunia manne kwa wikendi moja, mgongo ukakataa. Nilimwomba shosho anipe msimu mmoja kabla ya kuita mtu wa pawa. Msimu huu, mapera niliyokata mengi yalikuwa safi. Si yote. Na najua sababu: nzi hajui beacon za ploti. Tukisafisha kwetu na jirani asafishe kesho kutwa, tumecheza tu.

Hapa ndipo natofautiana na wanaosema ni kazi ya kaunti. Afisa wa kilimo anaweza kuja kutufundisha kuweka mitego, na aje. Lakini hatakuja kila Jumamosi kuokota mapera nyuma ya keja yako. Hiyo ni yetu. Wazee walikuwa wanaingia kwa shamba la jirani kusaidia bila kuulizwa. Sisi tunaishi ukuta kwa ukuta na hatujui jina la mtu wa chumba kinachofuata.

Nimeshaongea na msimamizi wa ile ploti ya mipera mitatu. Alinishangaa, akaniuliza kama ninauza kitu. Nikamwambia nataka tu ruhusa ya kuingia na gunia. Amenipa Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Kama uko Ruring'u, Skuta au King'ong'o, kuja na glavu. Kama uko mbali, anza na mti ulio nyuma ya nyumba yenu. Shosho amesema akipata mapera kumi mfululizo bila funza, beseni itarudi getini. Tumefika sita.