Sataranji ya kompyuta: Kinachoshinda ni programu au mashine ya bei kubwa?

Michezo 100: ushindi 28, sare 72, kufungwa sifuri. Hayo ndiyo matokeo ambayo kampuni ya DeepMind ilitangaza Desemba 2017, baada ya programu yake ya AlphaZero kukutana na Stockfish, moja ya programu kali zaidi za sataranji duniani.

Wengi walishangaa. Ila wafuatiliaji wa mashindano ya kompyuta waliuliza swali moja: kila upande ulitumia mashine gani?

AlphaZero ilikuwa na chipu 4 za TPU, ambazo Google ilizitengeneza maalumu kwa akili bandia. Stockfish ilitumia prosesa za kawaida, tena ikatengewa kumbukumbu ya GB 1 tu ya kuhifadhi hesabu zake. Kila hatua ilipewa dakika 1, iwe rahisi au ngumu, wakati Stockfish imeundwa kujipangia muda wake yenyewe.

Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya michezo 1,000. Safari hii Stockfish ilipata GB 32 na saa 3 kwa kila mchezo, pamoja na sekunde 15 za nyongeza kwa kila hatua. AlphaZero ilishinda 155 na kufungwa 6. Bado ilikuwa bora, lakini ile sifuri ikafutika.

Kwa nini wasitumie mashine moja?

Kwa programu zinazofanana, inawezekana. Tatizo ni kwamba programu kama Leela zinategemea kadi ya michoro, na kwenye prosesa tupu zinakwenda kwa kujikokota. Stockfish yenyewe haiitumii kadi hiyo. Ni kama kushindanisha baiskeli na mtumbwi, halafu useme wote wapite majini.

Chama cha ICGA kiliwahi kujaribu. Mwaka 2009, kule Pamplona, Hispania, kiliweka kikomo cha kori 8 kwenye ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata kikaondoa kikomo hicho na kuanzisha taji la pili, ambalo wote walitumia mashine za aina moja.

Kwa maoni yangu, huo ndio mwelekeo sahihi. Anayeandika programu peke yake nyumbani apate pa kupimwa kwa ubunifu wake, na mwenye mashine kubwa ashindane na wenzake. Na kampuni inayotaka kutangaza ushindi iwaachie waundaji wa mpinzani waandae mashine yao wenyewe kabla ya mchezo kuanza.