Mchoro si siri ya mganga

Wadau, hili limenikaa kooni. Mtu anabuni saketi ya kugeuza picha ya RGB ya kompyuta iingie kwenye tundu la njano la TV ya zamani, anajisifu weee, halafu anatutupia mchoro uliosokotana kama uzi aliochezea paka. Nyaya zinakatana bila nukta: zimeungana au zinapishana tu? Rezista hazina thamani. Ukiuliza, eti "fundi ataelewa". Jamani!

Chukua chipu ya AD724. Kwa PAL inataka kristali ya 4.433618 MHz, na kila njia ya rangi inayoingia iwe na rezista ya ohm 75 kwenda graundi. Usipoiandika, mwenzio atapata picha iliyowaka kupita kiasi. Tena chipu hiyo haibadilishi kasi ya mistari: TV ya PAL inataka 15,625 kwa sekunde, VGA ya kawaida hutoa kama 31,500. Asiyeandika hilo anamlia mtu hela ya vipuri.

Ingizo kushoto, tokeo kulia, umeme juu, graundi chini. Kinawashinda nini? Mimi nasema wengine wanaficha makusudi, waendelee kuitwa wataalamu. Mnabisha? Leteni mchoro wenu mmoja, tumpe mtu asiyewajua aujenge.