Mwacheni mwanafunzi na uraibu wake

Leo naomba tuweke kando habari za simu mpya na bei zake, tuzungumzie likizo.

Kila ifikapo mwezi wa tano, vyuo vingi vikishafunga, kuna aina moja ya barua pepe inayonijia kutoka kwa wazazi. Maneno hutofautiana lakini kilio ni kimoja: mtoto amerudi nyumbani kutoka chuo, usiku kucha yuko kwenye tarakilishi, mchana analala, na akiulizwa anafanya nini anajibu kwamba ni mambo yake tu. Kisha linafuata swali. Wewe ni mtu wa kompyuta, nimnyang'anye hiyo mashine?

Jibu langu huwa moja: usimnyang'anye kabla hujajua anaifanyia nini. Sababu zangu naziweka hapa leo, ili wa mwakani niwatumie kiungo tu.

Kiswahili tulichofundishwa shuleni hapa Kenya kina neno uraibu. Mtoto akiandika insha ya kujieleza huandika kwamba uraibu wake ni kusoma vitabu au kucheza kandanda. Lakini neno hilo hilo tunalitumia kwa mtu aliyetekwa na pombe. Mzazi akichungulia chumbani saa nane usiku anaona uraibu wa pili. Mwanafunzi anaapa kwamba ni ule wa kwanza. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na kwa mbali huwezi kuwatenganisha.

Hebu tumtazame mwanafunzi mmoja ambaye habari zake zinajulikana. Mwaka 1990 Linus Torvalds alikuwa na miaka 20, anasoma Chuo Kikuu cha Helsinki kule Ufini, na anaishi kwa mama yake. Majira ya kiangazi ya mwaka huo aliyatumia kusoma kitabu cha Andrew Tanenbaum kuhusu mifumo ya uendeshaji, kitabu chenye kurasa zaidi ya 700. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Mwezi wa Januari 1991 akanunua kompyuta yenye kichakato cha 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4, kwa fedha za Krismasi na mkopo wa wanafunzi, na salio akalilipa kwa awamu. Na alipoipata, unadhani alifanya nini kwanza? Alicheza mchezo wa Prince of Persia, huku akisubiri diski za Minix, mfumo mdogo wa mafunzo alioutunga huyo Tanenbaum. Mzazi yeyote angechungulia siku zile angeona kijana anayepoteza wakati.

Minix ilipofika, kulikuwa na jambo lililomkera. Alitaka kuifikia kompyuta ya chuo kwa modemu akiwa nyumbani, na programu iliyokuja na Minix kwa kazi hiyo haikumridhisha. Akaandika yake. Ili ifanye kazi mbili kwa pamoja, kusoma kibodi na kusoma modemu, ilibidi ajifunze jinsi kichakato kinavyobadilisha kazi. Akajaribu kwa michakato miwili: mmoja unaandika herufi A, mwingine herufi B, zinapokezana kwenye kioo. Baadaye akataka kuhifadhi mafaili aliyoyashusha kutoka chuoni, kwa hiyo akaandika sehemu ya kuendesha diski na sehemu ya kupanga mafaili. Kila hatua ilizaliwa na haja ya hatua iliyotangulia. Kufikia kiangazi cha 1991 programu ya modemu ilikuwa inageuka kuwa mfumo wa uendeshaji.

Na kiangazi cha Helsinki si mchezo. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tano usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Watu waliovumilia miezi ya giza hutoka nje wote, ufukweni na visiwani. Linus alifunga mapazia mazito meusi ili mwanga usimsumbue akakaa na kompyuta yake. Tarehe 25 Agosti akawaandikia wenzake wa kundi la Minix kwenye Usenet kwamba anatengeneza mfumo wa bure, kwamba ni jambo la kujifurahisha tu na halitakuwa kubwa. Mwezi wa Septemba akatoa toleo 0.01, mistari kama 10,000 ya msimbo.

Leo kiini alichokianzisha, Linux, kimo ndani ya kila simu ya Android. Kama unasoma haya kwa simu kama hiyo ukiwa ndani ya matatu, basi unatumia uraibu wa likizo wa mwanafunzi. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 kwenye orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux.

Sasa najua mtakaloniambia. "Huyo ni Mfini, sisi tuko Kakamega." Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tunapenda kulisimulia jambo hili kama hadithi ya kipaji. Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Lakini angalieni alichokuwa nacho kando ya kipaji. Vyuo vikuu vya Ufini havikumdai karo. Alikuwa na mkopo wa masharti nafuu. Alikuwa na chumba na chakula kwa mama yake, simu ya kuunganisha modemu, na miezi mitatu bila mtu wa kumuuliza atapata alama ngapi. Shahada yake ya uzamili aliipata mwaka 1996, miaka 8 tangu aingie chuoni mwaka 1988, karibu mmoja kati ya hiyo akiwa jeshini. Na zaidi ya hayo yote, alikuwa na watu wa kumjibu. Alipotoa msimbo wake, wageni waliuchukua, wakamwandikia makosa waliyoyaona, wakamtumia masahihisho. Bila wao ungebaki kwenye diski chumbani.

Mwanafunzi wetu ana baadhi ya vitu hivyo na vingine hana. Mashine yake, hata ile ya mitumba, ina nguvu kuliko ile 386 mara nyingi mno. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na msimbo wa Linux wenyewe anaweza kuushusha wote na kuusoma. Asicho nacho ni utulivu wa likizo. Huku kwetu Juni si kiangazi, ni baridi na mawingu, na kijana wa Limuru akirudi nyumbani majani chai yanamsubiri. Bando linaisha, tokeni za stima zinaisha, na mdogo wake anadaiwa karo. Kumwambia mzazi wa namna hiyo kwamba kijana akae tu na tarakilishi miezi mitatu ni kumtukana.

Kwa hiyo siombi miezi mitatu. Naomba saa mbili kwa siku, baada ya kazi za nyumbani, zisizohesabiwa kuwa za uvivu. Saa ambazo hakuna anayeuliza zitaleta pesa lini.

Na jinsi ya kutenganisha uraibu na uraibu? Mimi hutumia maswali matatu. Kwanza, mwambie akuonyeshe kitu ambacho juzi hakikuwepo. Kisiwe kikubwa. Herufi A na B zinazopokezana kwenye kioo zinatosha. Pili, muulize ni nini kimemkwamisha. Anayetengeneza kitu huwa amekwama mahali, na atakueleza mpaka uchoke kusikiliza. Anayetazama filamu au anayebeti usiku kucha hana cha kukueleza isipokuwa kwamba alikaribia kushinda. Tatu, muulize nani mwingine amekiona. Kama jibu ni hakuna, usimkemee, msaidie apate mtu wa kumwonyesha. Huhitaji kujua kompyuta ili kuuliza maswali haya. Mama anayeuza mboga Gikomba anaweza kuyauliza na akayaelewa majibu.

Kuna wanaosema dawa ya likizo ni kumtafutia kijana attachment kila mwaka, asikae bure. Siipingi attachment, inafundisha kuamka mapema na kuishi na bosi. Lakini nimekaa upande wa wanaoajiri mara kadhaa, na niwaambieni ninachokiona. Vyeti hufanana. Barua za mapendekezo hufanana hata zaidi. Nikimuuliza kijana ametengeneza nini bila kutumwa na mtu, wengi hunyamaza. Mmoja akianza kunieleza programu aliyomwandikia shangazi yake ya kuhesabu lita za maziwa, na jinsi hesabu ilivyokataa kulingana na ya kiwanda, naweka kalamu chini namsikiliza. Huyo amekutana na tatizo ambalo halikuwa na jibu nyuma ya kitabu.

Na msidhani kazi kama hizo ni za wazungu peke yao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huria na mtu yeyote aliruhusiwa kuugusa. Mpaka leo programu huria nyingi zinangoja watafsiri na wasahihishaji wa Kiswahili, na kazi hiyo mwanafunzi anaweza kuianza usiku wa leo kwa bando dogo kabisa.

Kwenu wanafunzi, neno moja. Ukitaka uraibu wako uheshimiwe, amka ukamue ng'ombe kabla hujaambiwa. Kisha jioni mwite mzazi umwonyeshe ulichofanya, hata kama hataelewa. Hatakusumbua sana ukishamwonyesha.

Nanyi wazazi, jaribuni yale maswali matatu wiki hii, halafu mniandikie mmejibiwa nini. Nitafurahi kusikia hata kama jibu lilikuwa Prince of Persia.

Haya, tuonane wiki ijayo.