Makato ya mdogo wangu na sheria ya Wisconsin

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Korogwe. Mwezi uliopita alinitumia picha ya slipu yake ya mshahara, akiwa ameuzungushia kalamu nyekundu mstari wa ada ya chama, asilimia mbili. Chini yake akaandika: "Shikamoo dada. Nasikia huko kwenu mahakama iliwatoa watu kwenye haya makato. Sisi lini?"

Nimekaa na swali hilo siku nyingi, maana mimi nilikuwapo. Tangu mwaka 2006 nafanya usafi katika majengo ya serikali ya jimbo hapa Madison, Wisconsin, na nilianza na zamu ya usiku. Naandika kwa walimu na wauguzi wa kwetu Tanzania wanaouliza kama mdogo wangu, na nawaomba wanisikilize hadi mwisho kabla hawajaendelea kushangilia habari za Marekani.

Mji huu una historia na vyama vya watumishi wa umma. AFSCME, moja ya vyama vikubwa vya watumishi wa serikali nchini, chimbuko lake ni hapa Madison mwaka 1932. Mwaka 1959 Wisconsin ikawa jimbo la kwanza kuwapa kwa sheria watumishi wa umma haki ya kujadili mikataba ya hali bora. Nilipoajiriwa, mwakilishi wa chama zamu yetu alinikabidhi kijitabu cha mkataba na kuniambia nikiweke ndani ya mkoba, nisikiache nyumbani. Humo iliandikwa nani ana haki ya kuchagua zamu kwanza, likizo inagawanywaje, na msimamizi akikuonea unaanzia wapi kulalamika.

Februari 2011 Gavana Scott Walker alipeleka muswada kwenye bunge la jimbo. Alisema bajeti ya miaka miwili iliyofuata ilikuwa na pengo la dola bilioni 3.6, hivyo watumishi wachangie pensheni na bima ya afya zaidi. Jambo hilo lilikuwa na hoja. Majirani zangu walioajiriwa viwandani walikuwa wanalipia bima zaidi kuliko mimi, na walikuwa wanaliona. Viongozi wa vyama walitamka hadharani kwamba wako tayari kukubali makato yote ya fedha, mradi haki ya kujadiliana isiguswe. Gavana alikataa. Hapo ndipo mimi nilipoelewa kwamba shida haikuwa fedha.

Tulikwenda Kapitoli, jengo la bunge, kwenye theluji. Watu walilala juu ya sakafu ya marumaru usiku kucha. Maseneta 14 wa chama cha Democratic walihamia jimbo jirani la Illinois ili akidi isitimie. Watu wa mbali, hata wa Misri ambako Mubarak alikuwa ametoka kuangushwa mwezi huohuo, walipiga simu kwenye duka la piza la mjini na kutulipia chakula. Mimi nilikuwa nikimaliza zamu alfajiri napitia pale na sare yangu ya kazi. Kitu kimoja sitakisahau. Muswada uliwaacha nje polisi na wazima moto. Wao haki zao zote zilibaki. Hata hivyo wazima moto walikuja, wakaingia Kapitoli na kofia zao za kazi, zumari za Kiskoti zikilia mbele, na sisi wafagiaji na walimu tukawapisha njia huku tunalia.

Muswada ulipita hata hivyo, na tarehe 11 Machi gavana akausaini. Hapa wanauita Sheria ya 10.

Haikufuta chama hata kimoja. Nataka mdogo wangu alisome hili mara mbili. Ilisema chama kijadiliane mshahara wa msingi peke yake, tena nyongeza isizidi mfumuko wa bei mpaka wananchi waipigie kura. Zamu, likizo, usalama kazini, malalamiko, vyote vikatoka mezani. Ilimkataza mwajiri kukata ada kwenye mshahara, hata mtumishi akiomba mwenyewe kwa maandishi. Na kila mwaka chama kipigiwe kura upya, kipate asilimia 51 ya watumishi wote wa kitengo, si ya waliopiga kura. Chukua watumishi 100: wakipiga kura 60, na 50 kati yao wakikitaka chama, chama kimekufa. Aliyeumwa siku hizo, aliyesafiri, aliyesahau, wote wamehesabiwa kuwa wamekikataa. Walker mwenyewe mwaka 2010 alishinda kwa asilimia 52 ya kura, na karibu nusu ya watu wazima wa jimbo hawakupiga. Kwa kipimo alichotuwekea sisi asingekuwa gavana.

Mimi nilianza kuchangia asilimia 5.8 ya mshahara kwenye pensheni na asilimia 12.6 ya gharama ya bima. Karibu dola 200 kwa mwezi zilitoweka, ndizo nilizokuwa namtumia mama. Hilo liliuma, lakini tulizoea. Ambalo hatujalizoea ni kupoteza nguvu ya kile kijitabu. Mwaka uliofuata msimamizi aliniambia Ijumaa kwamba Jumatatu nahamia zamu ya jioni, saa ambazo mwanangu ndiyo anatoka shule. Nilikuwa mkongwe kuliko wenzangu watano. Nilitoa kijitabu mkobani, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hakina kazi tena. Hakuwa mtu mbaya, na sheria ilimruhusu. Mwakilishi wetu alikuja nyumbani na fomu ya benki ili tulipe ada wenyewe. Kwenye jengo letu tulikuwa 31. Tuliojaza tulikuwa 9. Katika jimbo zima, wanachama wa vyama walikuwa asilimia 14 ya wafanyakazi mwaka 2010, na mwaka 2015 walibaki asilimia 8.

Sasa hiyo mahakama ya mdogo wangu. Mtumishi wa jimbo la Illinois aitwaye Mark Janus alikuwa akikatwa karibu dola 45 kwa mwezi bila kuwa mwanachama, na alipinga. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano kwa wanne, iliamua kwamba mtumishi wa umma asiye mwanachama asikatwe chochote, nchi nzima. Lakini chama kinapojadili mkataba kinamjadilia naye pia, alipe asilipe. Tanzania makato ya aina hiyo yanaitwa ada ya uwakala, na kifungu cha 72 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinayaruhusu. Kwa hiyo mdogo wangu anajua anachokiuliza. Anataka kifungu hicho kife.

Siwezi kumwambia hana sababu. Amekatwa miaka 11, na anachokumbuka kupokea ni fulana ya Mei Mosi. Hajawahi kuonyeshwa hesabu. Akipandishwa daraja kwa kuchelewa, anahangaika peke yake ofisi kwa ofisi. Chama kinachopokea fedha bila kugonga mlango wa mtu yeyote kinasahau nyuso za wanaokilipa, na hata hapa tulisahaulika hivyo. Kabla ya 2011 sikumbuki kiongozi yeyote wa juu aliyekuja zamu ya usiku. Walikuja sheria ilipokuwa imeshapita. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu nawapenda. Lakini dawa ya kiongozi asiyetoa hesabu ni kumdai hesabu, na kumng'oa kwenye uchaguzi wa tawi. Kukata mfereji wa ada kunamwacha yeye na gari lake, na kunamwacha mwalimu wa Korogwe bila mtu wa kusimama naye.

Desemba 2024 jaji wa kaunti yetu ya Dane alitengua sehemu kubwa ya Sheria ya 10, kwa hoja ileile ya kuachwa nje kwa wazima moto: hakuna sababu ya haki ya kuwapa watumishi hawa sauti na kuwanyima wale. Uamuzi ukasimamishwa kusubiri rufaa, sheria ikaendelea kutumika. Mwaka uliofuata nilikuwa natazama jimbo la Utah zaidi. Februari 2025 Gavana Spencer Cox alisaini sheria ya kuvikataza kabisa vyama vya watumishi wa umma kujadiliana na mwajiri. Safari hii hata wazima moto hawakuachwa nje. Walimu na wazima moto wakasimama milangoni kwa watu pamoja, wakakusanya saini zaidi ya 300,000 kudai kura ya wananchi, wakati zilizohitajika zilikuwa kama 141,000. Kabla kura haijafika, Desemba bunge likaifuta sheria yake lenyewe. Utah ni jimbo la kihafidhina kuliko letu.

Nimemtumia mdogo wangu haya yote kwa ujumbe wa sauti wa dakika 14. Alijibu usiku wa huko. Kasema mkutano wa tawi lao ni Jumamosi, na kwamba tangu aajiriwe hajawahi kuhudhuria hata mmoja. Nimemwambia aende, abebe slipu yake yenye kalamu nyekundu, asimame na kuuliza kila shilingi ya ule mstari imekwenda wapi, na asiketi mpaka ajibiwe.